Mama Usijali na Mkasi Uliosimama

Wifi yangu tunamwita Mama Usijali, na jina hilo hakupewa na mtu, alijitafutia mwenyewe. Mteja akiulizia gauni ambalo hata halijapimwa, "Usijali." Mwenye nyumba akigonga mlango, "Usijali, baba." Miaka kumi na minne ameendesha karakana yake ya sare kwa neno hilo, cherehani tano na meza ya kukatia ambayo zamani ilikuwa mlango. Mimi nashona vifungo, kwa hiyo ninayosema nayajua.

Mwezi ule hakuna aliyejua kesho ina nini. Barabara zilifungwa leo, zikafunguliwa kesho, zikafungwa tena. Redio ilisema hivi, jirani vile. Shule moja ilikuwa imebadilisha sare, na wifi alikuwa na oda ya watoto mia tatu, lakini kitambaa kilichokuwapo kilitosha nusu tu. Jora zima la kitambaa unaweza kumrudishia muuzaji. Ukishalikata kwa sare, basi, limekwisha. Mkataji wetu, mzee tunayemwita Sentimita, alikuwa amesimama na mkasi tangu asubuhi akingoja kuambiwa neno.

Mimi niliogopa. Ndani ya pochi yangu kulikuwa na barua ya kuomba kazi kwingine, nimeikunja mara nne, na kila mara wifi alipopita karibu niliona kama anaisoma.

Akampigia muuza vitambaa, simu akaiweka mezani, sote tukasikia.

"Kaka, ule mzigo wangu uliobaki vipi?"

"Usijali, dada."

"Umeshaondoka huko?"

"Dada yangu, si nimekwambia usijali?"

Wifi akakata simu. "Mzigo hauji," akasema. "Hilo neno ni langu. Mimi hulisema nikiwa sina kitu. Wifi, vaa viatu, twende shuleni."

Mwalimu mkuu alitabasamu kabla hatujaketi, na tabasamu lile halikunipendeza.

"Karibuni, mama. Msijali kabisa, Jumatatu tunafungua kama kawaida."

Wifi hakuketi.

"Mwalimu, kitambaa kilichobaki hakiji. Nilicho nacho ni nusu, na naogopa kukikata. Hayo ni yangu. Sasa na wewe niambie yako."

Mwalimu akainuka, akafunga mlango. Kwa sauti ndogo akasema kwamba ruhusa ya kufungua shule haijafika, na wazazi wengi wamekwisha kuhama. "Hata walimu wangu sijawaambia. Nikiwaambia watatawanyika."

"Hakuna hata mtoto mmoja wa hakika?"

Akafikiri, akisugua paji la uso. "Darasa la mwisho. Wana mtihani, na mtihani una tarehe yake. Hao sitini wapo, hawajaondoka, na wazazi wao wamenithibitishia." Akaahidi kutusomea saizi zao kwa simu akishalipata daftari la mwalimu wao.

Njiani kurudi nilijua anachokiogopa wifi: mafundi watano, na kila mmoja ana watoto wake.

Alipoingia, cherehani zikanyamaza moja moja. Akashika ukingo wa meza. "Jamani, naogopa," akasema. Akawaeleza yote: mzigo hauji, shule huenda isifunguliwe, wenye hakika ni watoto sitini. "Anayetaka kutafuta riziki kwingine, aende. Simlaumu."

Sentimita akakohoa. "Mama, sisi siku zote tunajua. Ukisema usijali mara moja, kuna tatizo. Ukisema mara mbili, mimi humwambia mke wangu apunguze unga kwenye sufuria."

Tukacheka, kicheko kifupi.

"Leo hukusema hata mara moja," akaendelea. "Sasa mimi naogopa zaidi. Lakini afadhali hivi. Tukate?"

"Kata za sitini. Majora mengine yasiguswe."

Hapo simu ikalia. Alikuwa mwalimu mkuu, daftari analo mkononi na ana haraka. Mama Usijali akanigeukia, "Wifi, andika!" Karatasi hakuna. Mafundi wakageuza maboksi, wakapekua droo, vipande vya vitambaa tele, karatasi hakuna hata moja. Mwalimu akaanza kusoma. Nikafungua pochi.

Niliikunjua barua mezani mbele ya wote, maana pa kujificha hapakuwapo. Juu kabisa iliandikwa kwa mkono wangu: Ombi la kazi. Wifi aliiona. Akaniangalia usoni, akafungua kinywa, "Usi...", kisha akalimeza.

"Geuza upande mweupe," akasema.

Nikageuza, nikaandika saizi ya mtoto wa kwanza.