Kaka Anajifunza Kusonga Ugali

Kaka yangu alifikia umri wa kunyoa ndevu bila kujua chumvi inakaa wapi ndani ya nyumba yetu. Hilo lisingenihusu, maana sikumzaa mimi, tena nilikuwa mdogo wake. Lakini alichaguliwa kwenda chuo cha ualimu Iringa, na huko kila mwanafunzi alitakiwa kujipikia na kujifulia. Baba akatoa uamuzi bila hata kunitazama: kaka asipojua kujitunza, nitafuatana naye, nikae kwa shangazi, nimpikie na kumfulia miaka yote miwili.

Na mimi nilikuwa nimefaulu darasa la nne. Nafasi ya darasa la tano ilikuwa ikinisubiri katika shule ya bweni ya wasichana. Kwa hiyo nilipoanza kumfundisha kaka, upendo haukuwamo.

Tulikuwa na wiki tatu. Kwetu Iyunga mvua za Desemba zilikuwa zimelowesha kuni zote. Siku ya kwanza alipuliza moto mpaka macho yakavimba, kisha akaniuliza kama maji ya ugali yanapimwa kwa rula. Siku ya pili alifua shati lake jeupe pamoja na kitambaa chekundu cha meza. Hayo niliyavumilia. Aliyenishinda ni mama. Nikienda kuteka maji, nikirudi namkuta kaka amekaa kwenye kigoda anatafuna karanga, na mwiko anao mama.

"Mama, mwache ajifunze."

"Mtoto wa kiume asonge ugali na mimi nipo? Si watu watasema nimekufa?"

Mlango wa jiko aliufunga ili majirani wasione. Nguo alizofua kaka, mama alizifua tena. Kitanda alichotandika, alikitandika upya. Wiki mbili zikapita, na kaka alikuwa hodari wa kumenya karanga tu. Nilichoka, nikachukia, nikalia chooni peke yangu. Mama hakuwa na nia mbaya, lakini huruma yake kwa kaka ndiyo iliyokuwa inanipeleka Iringa.

Jumamosi iliyofuata, mvua ilipopumzika, niliyabeba mafiga matatu nikayapanga nje, kando ya njia ya kwenda sokoni. Nilijua mama hawezi kumnyang'anya kaka mwiko mbele ya watu. Kumwaibisha mwanawe hadharani lilikuwa jambo asiloliweza kabisa. Alibaki mlangoni, mikono kichwani.

Majirani wakajaa. Mama mmoja akauliza, "Kwani mama mwenye nyumba anaumwa?"

"Haumwi," kaka akajibu huku akitokwa jasho. "Mimi ndiye ninayesafiri."

Lilikuwa neno lake la kwanza la maana katika wiki tatu.

"Kandamiza," nikamwambia. "Usiupapase, kandamiza." Sufuria iliyumba, akaishika kwa mkono mtupu, akaungua, akaendelea kusonga. Sikumpokea mwiko, ingawa vidole viliniwasha.

Baba alirudi kutoka kazini, akaona watu, akadhani pana msiba. Alipoelezwa, alinawa mikono akakaa. Akamega tonge, akatafuna polepole. Hata mimi nilipokuwa nimesimama nilisikia unga mbichi ukilia menoni mwake.

"Si nilisema?" mama akawahi. "Binti aende naye tu."

Baba akamega tonge la pili.

"Ugali huu una madonge," akasema. "Lakini umeiva." Akala hadi la mwisho, kisha akaagiza shangazi aandikiwe barua asihangaike kuandaa kitanda cha binti.

Kaka aliondoka kwa lori la mbao, amefungashiwa vyakula vya kutosha kijiji kizima. Mama alikuwa ameufungua mzigo wake mara nne, akiupanga na kuupanga tena.

Wiki moja baadaye niliondoka mimi. Hakuna aliyeniuliza kama najua kupika wala kufua. Sanduku langu nililifunga mwenyewe, na hakuna aliyelifungua.