Dawa ya Miguu Minne

Mwila alikuwa na mke mmoja mtaani Katuba na farasi jike mmoja kule klabu ya farasi, na mkewe, Gracia, alishachoka kuuliza nani anapendwa zaidi. Miaka ishirini na miwili ya kusugua farasi za watu! Alitoka Mitwaba kutafuta kazi ya udereva, akapewa brashi, basi akabaki nayo.

Siku ya mashindano aliamka na furaha ya kijinga, maana Duchesse, yule farasi wake, angeruka viunzi mbele ya mji mzima. Akamtoa kumtembeza huku akitega sikio, kama kila asubuhi. Mguu wa mbele wa kulia ulikanyaga kwa kusitasita. Akainama, akaushika, akaukuta wa moto.

Madame Simone, mwenye farasi, hakutaka kusikia habari ya mguu. Kombe la siku ile alilisubiri miaka minne. Akamtia Mwila mkononi pakiti ya unga.

"Mutilie mu chakula yake, ataruka bila kusikia maumivu. Na docteur asijue. Ukikatala, tafuta kazi kwingine."

Bila kusikia maumivu! Hapo ndipo Mwila alipochukia. Farasi hasemi; akiumia anachechemea ili mtu amhurumie. Unamnyamazisha, unamrusha juu ya mbao, na mguu ukivunjika unashangaa nini? Lakini kazi ni kazi, na nyumbani watu wanakula. Akazunguka zizi mara tatu, pakiti mfukoni. Mwishowe akafanya anachofanya kila akichanganyikiwa: akachukua dawa ya viatu, ile nyeusi, akasugua kwato zote nne mpaka zikameta.

Saa nne akapita Amadi, daktari wa mashindano, akikagua farasi mmoja mmoja.

"Hii farasi iko na dawa?"

Mwila akachanua meno yote. Hatimaye mtu ameiona kazi yake!

"Ndiyo, docteur! Ya mingi! Miguu yote ine, tangu asubuyi niko namupakaa!"

"Yote ine?" Kalamu ikamponyoka daktari.

"Bongo, uongo mutupu!" Madame Simone akapiga kelele. "Nilimupatia pakiti moja tu, juu ya muguu moja!"

Mtu mmoja akacheka, wa pili akadakia, na kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa umeshika mbavu. Mwila alielewa wa mwisho, naye akacheka hadi akaegemea ukuta. Akaonyesha kopo la dawa ya viatu. Akatoa na pakiti, haijafunguliwa.

Daktari akapapasa mguu, akamfuta Duchesse kwenye orodha. Kicheko kikamkauka Mwila, maana Madame Simone alikuwa anamjia, uso umemwiva.

"Juu ya nini haukumupatia dawa?"

"Madame, ile maumivu ndiyo mudomo yake," Mwila akasema. "Ningeifunga, nani angetuambia?"

Madame Simone akavua glavu, akachuchumaa kwenye tope na suruali yake nyeupe, akaushika ule mguu. Tangu amnunue Duchesse hakuwahi kuushika. Mkono wake ulikaa pale muda mrefu, na machozi yakamtoka, asiyafute.

"Papa Mwila," akasema, "kesho unamutembeza saa ngapi? Nitakuya."