Shikamoo ya Mtaroni

Stashahada yangu ya utabibu nimeitundika ukutani katika zahanati yangu hapa Mikumi, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Nimeisomea kwa vitunguu nilivyolima mwenyewe Lumuma, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kisha nikaingia jeshini, nikapelekwa nchi jirani kulinda amani. Katika matabibu wa kikosi chetu sikumwona aliyenizidi.

Asubuhi moja doria yetu ilishambuliwa. Tulijitupa mtaroni, lakini askari mmoja aliyelelewa misheni ya Mamboya, kule milimani, mdogo kwangu kwa miaka mingi, alipigwa risasi pajani akaanguka katikati ya barabara. Kamanda alisema tusubiri gari la deraya. Mimi niliona jinsi damu ilivyokuwa ikitoka. Tungesubiri, angekwisha. Nikatambaa na begi langu huku risasi zikinirushia changarawe usoni. Nilimfunga mkanda juu ya jeraha, nikaukaza mpaka damu ikasimama, nikamburuta hadi mtaroni.

Gari lilichelewa. Macho yake yakaanza kujifumba. Nilimwita, nikamfinya, nikaitukana milima yao, wala hakushtuka. Nilijua usingizi ule unakoelekea. Ndipo nikamwinamia, nikamwamkia mimi.

"Shikamoo."

Macho yakafunguka. "Afande, hapana."

"Shikamoo, mzee."

"Usiniamkie. Nyumbani wakisikia wataniuliza nilikukosea nini."

"Basi itikia yaishe. Sema marahaba."

"Siwezi. Wewe ni sawa na baba mdogo."

"Baba mdogo amekuamkia, umemnyamazia. Ndiyo malezi ya misheni hayo?"

"Misheni yetu iache," akasema, na safari hii alikuwa amekasirika kweli.

Hasira ndiyo niliyoitaka. Kila alipolegea nilimwamkia, na kila mara alibisha, mpaka gari likafika. Hakuitikia hata moja. Tulipokwisha kumpakia ndipo nikagundua nimejikojolea. Hilo nalo ninaliandika bila aibu, kwa sababu mikono yangu ilifanya kazi yake.

Siku hizi analima kwao, anachechemea kidogo. Akija Mikumi hupita kwangu, na huanza kuniamkia akiwa bado ng'ambo ya barabara, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, asije akanipa nafasi ya kumtangulia. Wagonjwa kwenye benchi hugeuka kutazama. Naitikia marahaba bila haraka, kisha namwambia aingie nilione kovu.