Gunia la Mwalimu Jafeti

Miaka ile ya soko huria, mtaani Katandala kila mwenye chumba cha ziada alifungua duka. Jafeti yeye akafungua tuisheni ya kemia. Alitoka Mbeya, ana maneno huyo, na watoto walimpenda. Akaona Ufipa ni nchi ya mahindi, basi naye akafundisha kwa mahindi.

"Atomu ni gunia," alisema. "Ukizidi kulijaza elektroni, linavimba kama lumbesa ya walanguzi wa Laela. Kwenye jedwali la elementi, ukishuka chini atomu inakua. Ukienda kulia, inakua vilevile."

Kushuka chini, sawa. Kwenda kulia, hapo ndipo alipokosea. Herieth, binti mpole wa kidato cha nne, akanyoosha mkono. "Mwalimu, tukienda kulia, kiini si kinaongezeka nguvu, kinazivuta elektroni karibu? Mbona naona sodiamu ndiyo kubwa kuliko klorini?"

Jafeti akacheka, darasa zima likacheka naye. "Umeona wapi gunia likiongezwa linasinyaa? Anayejua kunizidi aje ashike chaki." Binti akakaa, hakuuliza tena.

Mtihani wa taifa ulipokaribia, Jafeti alinunua kitabu kipya mjini. Akasoma, akaurudia ukurasa uleule. Binti alikuwa sahihi. Si angesema kesho yake tu, yakaisha? Wapi! Aliona haya kushindwa na mtoto, tena akaogopa wazazi watawahamisha wanafunzi. Akaendelea na asidi na besi, macho chini. Mficha uchi hazai, lakini yeye alificha.

Na kwenye mtihani swali likaja: pangeni atomu kwa ukubwa, sodiamu mpaka klorini.

Jafeti alilisikia jioni ileile. Akaenda kwa kina Herieth kuomba radhi. Hajafungua kinywa, mama mtu akamkabidhi tetea. "Asante, Mwalimu, kwa kunifundishia mtoto." Akampokea, akambana kwapani.

Herieth akapiga goti. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, lile la atomu, wewe ndiye uliyepata. Mimi nilikosea."

"Nilikuwa najua, Mwalimu."

Moyo ukamtulia kidogo. "Kwa hiyo uliandika sodiamu ndiyo kubwa?"

Binti akainamisha kichwa. "Hapana. Mama alisema mtoto habishani na mwalimu wake. Niliandika ya kwako."