Mfuko wa Nguo kutoka Kolwezi

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikikuona unawasha pikipiki kwenda kugawa mizigo ya watu, inanirudia. Keti kidogo. Bosi wako atangoja.

Nilikuwa kijana kama wewe, kwenye ajansi ndogo hapa Kamina. Mizigo ilishuka na gari la moshi, sisi tunaifunga nyuma ya pikipiki kwa kamba za mpira, tunaipeleka vijijini, njia ya Kabongo. Mchanga tu, tairi kupasuka. Usicheke, hata nyinyi wa leo mchanga unawaangusha vilevile!

Siku hiyo nilibeba mfuko wa nguo. Kijana mmoja, Ilunga, aliyekuwa anachimba shaba Kolwezi, aliwatumia wadogo zake mashati yake ya zamani. Nikaingia kijijini kwao mbio, injini inalia, nikapaza sauti: "Mama yake Ilunga iko wapi? Naleta vitu vyake!"

Mama akatoka jikoni, akafungua mfuko palepale. Juu kabisa kulikuwa na shati alilomshonea mwenyewe. Akaanguka chini, akapiga yowe. Maana kwetu, mtu akifia mbali na mwili ukashindwa kurudi, nguo zake ndizo zinarudi. Desturi hiyo niliijua tangu utoto, lakini kwenye kazi akili yangu ilikuwa kwenye barabara tu.

"Balimuzika wapi?" alinililia. "Mutoto wangu, balimuzika wapi?"

"Mama, Ilunga iko muzima! Nguo ni za wadogo zake!"

Nani angenisikia? Kijiji kizima kilikuwa kimeanza kilio, na wengine walidhani nadanganya ili nipate kukimbia. Pumzi ya yule mama ikawa inakatikakatika. Niliogopa, mwanangu. Niliona atatufia pale pale, na mtoto wake yu hai.

Ndipo dada mkubwa wa yule mama, mzee tuliyemwita Kambo Numbi, yaani Bibi Numbi, akanishika mkono. Hakunitukana. "Weye, wacha kupiga makelele. Anataka sauti ya mutoto wake. Tumupeleke kule kilimani, simu inashika."

Namba ya Ilunga ilikuwa juu ya mfuko. Tukampandisha mama katikati, Kambo nyuma akimshikilia, watatu kwenye pikipiki moja! Nilienda polepole, nikimwomba Mungu Ilunga asiwe ndani ya shimo saa ile. Kilimani nikapiga. Ikalia tu bila kupokelewa. Nikapiga tena.

"Halo?"

Nikamwekea mama simu sikioni.

"Mama? Ni miye, Ilunga. Nguo zilifika?"

Mama akakaa kwenye majani, akalia na kucheka pamoja. Halafu akamfokea: "Mujinga weye! Sababu gani haukupiga simu kwanza?" Ee, siku hiyo nilijua furaha ni nini. Kambo mwenyewe alicheza pale juu kama msichana.

Tuliporudi nilitegemea kufukuzwa, nikapewa bukari, ugali wetu, na kuku. Nilipomaliza kula, Kambo akanikalisha karibu. "Sisi huku," akasema, "mutu akifika mbio anaita jina, tunajua ni kilio. Ukikaribia nyumba, zima pikipiki, sukuma. Salimia bantu. Na mbele ya kutoa muzigo, sema mwenye kuutuma iko muzima."

Mpaka leo namshukuru yule bibi. Nilifanya alivyosema miaka yote, na watu walinipokea kama ndugu. Mvua ikinikuta, nililala kwao. Kazi hii ilisomesha watoto wangu, ilinijengea nyumba hii tunamokaa, na sina neno baya juu yake.

Basi nawe fanya hivyo, mwanangu. Najua siku hizi simu zinashika karibu kila mahali na bosi anataka haraka. Lakini bado kuna mama anayesikia pikipiki, na moyo wake unasimama. Zima injini. Salimia. Mpe kwanza habari ya uzima wa mtoto wake, mzigo baadaye.

Mungu akutangulie katika mchanga na katika mvua. Akupe watu wanaofurahi kukuona. Na mama yako, kila jioni, anayebisha kwake awe ni wewe mwenyewe, si mtu aliyeleta nguo zako. Wafwako, asante, kwa kunisikiliza. Nenda salama.