Baba Alizikwa Aprili

Baba alifariki ughaibuni, mjini Buffalo, katikati ya Januari, mwezi ambao huku haifai mtu kufa. Nasema hivyo kwa hasira, maana karani wa makaburi, kule Lackawanna, alinisomea taratibu zao kama masharti ya kupanga nyumba. Ardhi ikishaganda hawachimbi. Marehemu anaandikiwa kadi yenye sehemu, mstari na namba ya kaburi lake, kisha anahifadhiwa kwenye jengo la mawe mpaka baridi iishe. Nikatia sahihi.

Mimi ndiye mkalimani wa nyumba yetu. Barua za shule, bili, daktari, vyote hupita mdomoni mwangu kabla ya kumfikia Mama. Hili nalo nilipaswa kumfikishia.

Kwetu, milimani Kivu Kusini, mjane halali kitandani mpaka mumewe azikwe. Mama alikuwa ameshusha godoro sebuleni siku ile ile ya msiba. Wageni walijaa: kaka yangu na watu wa kanisa lake kutoka Louisville, shangazi kutoka Columbus, wote wakitakiwa kazini Jumatatu. Mimi, kiwandani Tonawanda walinipa siku tatu tu, na zilikuwa zimekwisha. Mama alale chini mpaka Aprili, nami nimwache hapo peke yake kila asubuhi? Sikuweza hata kulifikiria.

Siku ya ibada tuliimba ndani ya kanisa dogo la makaburini, jeneza likiwa mbele yetu. Tulipotoka, Mama akaangaza macho huku na huku kwenye theluji.

"Bon, shimo iko wapi?" aliniuliza kwa Kiswahili chetu cha Kivu, kilichochanganyika na Kifaransa.

"Mama, huku watu bakisha kwenda, ndiyo bafanyakazi banazika," nilimjibu. "Ni sheria ya hapa."

Nusu yake ilikuwa kweli, maana makaburi mengi ya huku hufanya hivyo. Nusu ya pili niliimeza. Kaka alinisikia, akainamia viatu vyake. Mama alifukua theluji kwa kisigino, akakanyaga chini mara mbili, akaingia garini.

Jioni, wageni walipoondoka, alilivuta godoro mpaka chumbani kwake na kufunga mlango. Nilishusha pumzi. Kesho yake nikarudi kiwandani.

Uongo ule haukuniacha. Nikiwa zamu, mikono ikifunga maboksi, nilimwona Baba ndani ya lile jengo la mawe. Mama hakuomba hata siku moja nimpeleke kaburini. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, mjinga mimi, badala ya kushangaa.

Aprili karani akapiga simu: ardhi imelainika, chagueni siku. Nikagonga mlango wa Mama, mlango ambao tangu Januari hakupenda niufungue. Alinifungulia mwenyewe. Kitanda kilikuwa mbao tupu. Godoro lilikuwa sakafuni, blanketi limekunjwa vizuri juu yake.

Nililia kabla sijasema lolote.

"Nilikanyaga ile udongo," alisema. "Ilikuwa nguvu sawa jiwe. Nani angeichimba?"

"Juu ya nini hukuniambia, Mama?"

"Ulikuwa unataka kurudi ku kazi. Na bageni balikuwa na safari. Donc, nikanyamaza."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilikuwa nimejisifu moyoni kwamba namwondolea mzigo, kumbe mgongo wake ulikuwa sakafuni miezi yote ile.

Tulizika Alhamisi, watu wanane tu. Safari hii nilitafsiri kila neno, la upande huu na la upande ule. Mama alitaka kutia udongo mwenyewe. Msimamizi alikataa: mashine, usalama, taratibu. Mama hakubisha, alisimama tu pale pale ukingoni akimtazama. Mwishowe yule bwana akazima mashine, akampa koleo. Mama alitia udongo mpaka akachoka, ndipo akarudisha koleo na kuwaacha wamalize. Hakuondoka mpaka shimo likajaa.

Nyumbani hakuketi wala hakuvua koti. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akaniita.

"Shika huko," alisema, ameinama upande wa pili wa godoro.

Tukalinyanyua pamoja, tukaliweka kitandani. Mama akapanda na koti lake, mchana kweupe, akageukia ukuta, akalala mpaka kesho yake.