Pikapu Tuliyorudi Nayo Ganako

Mwanzoni mwa miaka ya themanini vipuri vilikuwa adimu, na bei za magari zilipanda kila tulipouliza. Mume wangu akaamua tuipeleke pikapu yetu Arusha, tuongeze na pesa za ngano, tupewe gari jipya zaidi.

"Tukingoja mavuno mengine hatutaliweza tena," aliniambia.

Mimi nilisita. Pikapu ile ilikuwa imepeleka mahindi yetu Nainokanoka miaka mingi, na wafugaji wa kule waliitambua kwa mlio wake kabla haijaonekana.

Kule Arusha, mwenye kuuza magari aliizunguka, akagonga bodi, akataja kiasi cha kuongeza. Kilizidi alichotuambia tulipokwenda kumuuliza mara ya kwanza. Tukaenda kunywa chai ili tufikirie. Tuliporudi, alikuwa amekipandisha tena.

"Tangu asubuhi?" mume wangu akauliza.

"Mzee, kesho nitakutajia kingine," akajibu, bila ubaya.

Mume wangu akanitazama. Kwa kawaida mambo ya gari hakuwa akiniuliza. "Unasemaje, mama?"

"Tununue matairi, turudi nayo nyumbani Ganako."

Matairi tulipata mawili tu. Njiani, tulipomaliza kupanda mlima wa Mto wa Mbu, akakiri kwamba hata yeye aliona uchungu kuiacha pale. Nilifurahi, ingawa alichohofia kilikuwa kweli. Gari jipya hatukuweza kulinunua tena maishani, na pikapu ile tuliiendesha mpaka binti yetu mkubwa akaolewa.